Rangi ya Kucha kwenye Batri

Batri ya kumi na saba ilijikwaa saa kumi na mbili kasorobo za asubuhi, na Élie peke yake ndiye aliyeiona.

"Kujikwaa" lilikuwa neno lake mwenyewe, kwa maana hakuna aliyewahi kumfundisha neno lingine. Chaja kubwa za kampuni zilijaza batri ya pikipiki kwa dakika arobaini. Ikishajaa, Élie aliichomoa, akailaza mezani, akaigusisha nyaya mbili za testeur yake na kutazama namba. Batri nzima ikishiba hushuka polepole, bila haraka, mpaka itulie. Iliyoumia ndani haifanyi hivyo. Inashuka kidogo, inasimama palepale dakika kumi au kumi na tano kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, kisha inaporomoka. Kwa nje mbili hizo zinafanana: uzito uleule, plastiki ileile nyeusi, taa ileile ya kijani inayosema mambo yote ni salama. Taa hiyo ya kijani ilikuwa mwongo mkubwa kuliko wote pale bandani, na si sifa ndogo, maana waongo hawakukosekana.

Mwezi wa saba baridi ya alfajiri ya Lubumbashi haina mzaha. Wafanyakazi walikuja wamevaa koti juu ya koti, mikono kwapani, pumzi zikitoka kama moshi. Umeme wa kuaminika ulipatikana tangu saa kumi, mji ukiwa bado umelala, kwa hiyo kazi ya kuchaji ilifanywa wakati huohuo wa baridi kali. Na banda lenyewe lilikuwa wazi upande mmoja. Mwaka uliotangulia lilikuwa na kuta nne. Kisha ikasikika kwamba katika mji mwingine ghala la batri limewaka kwa joto, na Patron Ephraïm, mkuu wa kituo, akaamuru mabati ya upande wa mashariki yang'olewe ili baridi iingie. "Baridi njo assurance yetu, bima ya bure," alisema. Wote walikubali, kwani nani asiyejua kwamba batri huogopa joto? Élie mwenyewe alishika nyundo siku ile.

Ilimchukua miezi miwili ya kupima na kuandika ili aelewe walichokifanya. Batri iliyolala kwenye baridi, ukiishindilia umeme kwa nguvu, haiwezi kuumeza wote. Mwingine unabaki umeganda ndani, kama tonge la bukari kooni. Mgando ule hukua kila alfajiri, na siku moja unatoboa kuta za ndani, na hapo moto wake hauzimwi kwa ndoo ya maji. Lini? Hilo Élie hakulijua. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwakani.

Alitoa mfukoni kichupa kidogo cha rangi ya kucha. Vibandiko vya namba vilikwisha kubanduka kitambo kwa vumbi na kuoshwaoshwa, ikabidi atafute alama yake. Mkewe, Bénie, alikuwa akiwapaka wanawake kucha pale nyumbani Kasungami, na kila chupa ikikaribia kuisha alimimina mabaki yake kwenye kichupa kimoja. Humo ilizaliwa rangi ambayo haikuuzwa duka lolote: si nyekundu, si kahawia, rangi ya ini lililoiva. Wateja walikuwa wakiiita rangi ya Mama Myriam, yaani ya Bénie. Élie alidondosha tone moja kwenye mfereji wa plastiki, karibu na mshikio, akaisogeza batri ile upande wa mlango pamoja na wenzake kumi na sita.

"Docteur!" Sauti ya Ephraïm ilimfikia kabla ya mwenyewe. "Malade yako, bagonjwa bako, iko ngapi leo?"

"Kumi na saba, Patron."

"Kumi na saba! Na yenye ilikufa?"

Vijana wa chaja wakacheka. Walikuwa wakicheka kila siku mahali hapohapo.

"Hakuna yenye ilikufa, Patron. Lakini inaumia. Courant inaingia mbio na batri iko baridi. Kama tungechaji polepole, ao tungeziweka kwanza mahali penye joto, ata saa mbili tu…"

"Joto!" Ephraïm aliwageukia vijana. "Munasikia? Docteur anataka tuwashe babula chini ya mabatri. Tuchome na mihindi pale pale."

Kicheko kikaongezeka. Élie alitazama ncha za viatu vyake. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na wa kwanza kucheka alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika bisibisi.

"Sikia, Élie." Ephraïm alipunguza sauti, maana hakuwa mtu mbaya kila saa. "Batri iko makumi sita. Unataka nipumuzishe kila moja saa nzima, na kumi na saba nitupe. Bachauffeur bataendesha nini? Bataendesha rangi ya bibi yako? Rudisha bile bintu ku rayon."

"Patron, bantu banalala nazo ku manyumba."

"Na miye ninalala na simu ku kichwa. Rudisha."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya Élie. Batri hizo hazikuwa na mwenyewe. Dereva alileta iliyokwisha, akachukua iliyojaa, mara tatu au nne kwa siku, na jioni aliondoka na mojawapo hadi kwake ili kesho aamkie kazini moja kwa moja. Iliyolala leo kwa huyu, kesho ingelala kwa yule. Alizirudisha kwenye rafu moja moja, lakini alama hakuzifuta. Alijiambia kwamba anayetaka kuona ataona.

*

Baridi hiyohiyo ilikuwa imemshika Myriam. Binti yao alikuwa na miaka tisa na ugonjwa wa damu wa selimundu, ule ambao mjini huitwa SS, na mwezi wa saba kwake ulikuwa adui anayerudi kila mwaka bila kualikwa. Jioni ile Élie alimkuta amejikunja kitandani, magoti yamegusa kidevu, anauma ukingo wa blanketi ili asipige kelele. Bénie alikuwa amemzungushia chupa za maji ya moto. Babula, jiko la makaa, aliiogopa, maana moshi wake chumbani huua watoto huku mama akidhani anawapasha joto.

"Ilianza saa ngapi?"

"Saa munane. Nilingoja kwanza, nikasema labda itapita." Bénie alikwisha kujifunga kitenge cha kubebea mtoto, ingawa mtoto mwenyewe miguu yake ilikuwa karibu kuburuta chini. "Haipite, Papa Myriam. Twende."

Hospitalini palikuwa na madirisha mawili. Kwenye la kwanza mstari ulifika mlangoni. Kwenye la pili hapakuwa na mtu. Karani wa dirisha la pili, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo, aliona gilet ya Élie, kizibao chenye alama ya kampuni, akampungia mkono.

"Papa, kuya huku. Kampuni yenu iko na convention na sisi. Lete carte ya prise en charge, ile ya kuonyesha kampuni inalipa."

Élie alisogea haraka, Bénie nyuma yake na mtoto mgongoni. "Carte sina, Mama. Niko journalier, wa kulipwa siku kwa siku."

"Journalier?"

"Miaka mbili. Banasema contrat itakuya."

Karani alivaa miwani yake, akamtazama vizuri, kisha akaivua. "Basi toa iyo gilet, papa. Unatuchanganya. Rudia ku mustari, na dépôt ni franka elfu makumi nane mbele ya docteur kumugusa."

Aliivua mbele ya watu wote, akaikunja, akaitia kwapani. Bénie alifungua pochi yake ya pesa za kucha akahesabu noti juu ya goti, Myriam akilia sasa bila kujizuia, na mzee mmoja aliyekuwa mbele yao akawapisha nafasi yake bila kuulizwa. Walipofika dirishani zilipungua elfu sita. Yule mzee akaziongeza, akakataa kutaja jina lake.

Saa mbili baadaye dawa ikiingia kwenye mshipa na mtoto akiwa amesinzia, Bénie alijaribu kumchangamsha mumewe. Ndivyo alivyokuwa; mambo yakimwelemea yeye hutafuta cha kuchekea.

"Wajua leo niliuza bulongo, muzuri kabisa. Chauffeur ya patron wako alifika akanunua dissolvant. Chupa mbili nzima, ile ya kufutia rangi. Nikamuuliza, bibi ya patron iko na vidole ngapi? Akacheka tu, akalipa cash. Bila iyo feza hatungefika ata ku ile dirisha."

Élie alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Dissolvant ile hufuta rangi ya kucha ndani ya sekunde tatu. Alielewa pale pale, kwenye benchi, akiwa na macho yake mawili na akili yake timamu. Angeweza kumwambia Bénie. Alimtazama Myriam, sindano imefungwa kwa plasta kwenye kimkono kile chembamba, akasema:

"Bulongo. Ulifanya bulongo."

*

Kesho yake asubuhi banda lilinuka kama saluni ya kucha. Batri sitini zilipangwa kwenye rafu, zimepanguswa, zinang'aa, hakuna hata moja yenye doa. Vijana wa chaja hawakumtazama usoni. Aliyefundishwa bisibisi alijishughulisha na waya usiokuwa na kasoro yoyote.

Ephraïm alimwita ofisini na kumwambia akae. Kwa miaka miwili Élie alikuwa amesimama mbele ya meza ile; leo kiti kilivutwa kwa ajili yake.

"Nilisikia mulienda ku hospitali. Mutoto anaendelea namna gani?"

"Anapata nafuu, Patron. Merci."

"Miye pia niko papa," alisema Ephraïm, na alimaanisha. Alisukuma mezani karatasi mbili zilizobanwa pamoja kwa pini moja ya chuma. "Iyi ya juu ni contrat yako. Soma. Soins médicaux: weye, bibi, mutoto. Hospitali yote, dawa yote. Iyi ya chini ni PV, ripoti ya test. Bageni ba assurance banafika saa ine. Banataka signature ya technicien kama mabatri yote makumi sita ilipumuzika saa moja moja, na yote iko bonne."

"Yote, Patron?"

"Ulipita ku banda. Uliona rangi kwa moja?"

"Hapana."

"Basi. Hakuna rangi, hakuna malade."

Élie alisoma ile ya juu mara mbili. Jina la Myriam lilikuwamo, limeandikwa kwa mashine, na tarehe yake ya kuzaliwa. Hapo ndipo moyo wake ulipolegea. Mtu huweza kupigana na matusi na dhihaka mwaka mzima, lakini jina la mtoto wako likiandikwa vizuri kwenye karatasi nzuri, mikono inakuwa mizito.

"Nisign kwanza iyi ya contrat, Patron. Ile ingine nipime mbele. Nipe siku tano tu."

"Élie. Unaona agrafe? Iko moja. Inatembea pamoja." Ephraïm alimpa kalamu yake mwenyewe. "Na kama assurance inakataa, kituo inafungwa. Utakuwa ulilinda bantu, lakini na nani atalinda wako? Mukono mutupu hailambwe, ndugu yangu."

Mkono mtupu haulambwi. Wahenga walisema, na wenye pesa ndio hulikumbuka neno hilo zaidi. Élie alitia saini ya kwanza, kisha ya pili. Saini yake ilikuwa ndefu yenye mkia unaopinda kurudi nyuma. Aliipenda tangu shuleni, na watu waliomfahamu waliitambua kwa mbali. Kwenye ile karatasi ya pili mkia haukupinda vizuri, lakini nani angeangalia mkia?

Wageni walifika, wakapiga picha, wakasifu hewa safi ya banda lisilo na ukuta. Kila mfanyakazi alipata soda baridi na kipande cha keki, na walikunywa soda ile wakitetemeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kabla ya jua kutua nakala ya ile PV ilikwisha kubandikwa ukutani pale madereva wanapopokelea batri, imewekwa ndani ya plastiki isilowe.

*

Siku ya tatu baada ya hapo Élie alikwenda peke yake hospitalini kuchukua dawa za mwezi. Alivaa gilet. Karani wa miwani alipokea kadi mpya, akaigeuza, akasoma jina.

"Ah, Papa Élie! Pita, pita. Kaa kwanza, nakuletea." Alirudi na mfuko wa dawa, na hakuna noti hata moja iliyotoka mfukoni. "Mutoto abaki na joto, eh? Baridi njo inamuua uyu wa SS."

Hakumkumbuka. Hilo lilimuuma Élie kuliko kama angemkumbuka na kuona haya. Hata hivyo alitembea kurudi Kasungami akiwa na mfuko kifuani, na kwa mara ya kwanza mwezi ule alijihisi mwanaume mwenye nyumba. Alikataa kufikiria mengine. Alikuwa amejifunza kuyakataa kwa siku tatu: aliingia kazini, akachomeka, akachomoa, akatazama taa za kijani kama wenzake wote wanavyozitazama. Testeur ilikaa kwenye droo.

Nyumbani aliona dirisha la chumba cha Myriam linawaka, ilhali mtaa mzima ulikuwa gizani kwa kukatika umeme. Bénie alimpokea mlangoni akicheka, mikono bado ina unga.

"Papa Myriam, ingia uone! Patron wako alituma zawadi. Stani njo aliileta na moto yake, ile pikipiki."

Stanislas alikuwa mdogo wake Bénie, dereva wa pikipiki palepale kampunini. Alikuwa ameshusha, alisema Bénie, batri moja na kimashine cha kugeuzia umeme. Ephraïm alikuwa amesema batri moja yenye kuchoka kidogo haimfai tena dereva, lakini kwa taa ya mtoto inatosha kabisa. Bénie alikimbia kwa jirani aliyekuwa na blanketi la umeme la mitumba asiloweza kulitumia, akabadilishana naye kwa kumpaka kucha miezi mitatu.

Myriam alikuwa amelala chali. Chali! Tangu mwezi wa tano hawakumwona amenyoosha miguu. Mashavu yalikuwa na joto, na alikuwa akisoma kitabu cha shule chini ya taa.

"Papa, gusa blanketi. Gusa!"

Aligusa. Lilikuwa na joto zuri, kama mkate uliotoka sasa hivi. Batri ilikuwa chini ya kitanda, upande wa kichwani, taa yake ya kijani ikiwaka.

Élie alipiga magoti ili aiangalie, kwa mazoea tu ya fundi. Aliivuta kidogo kwenye mwanga. Ilipanguswa vizuri, haikuwa na vumbi. Kwenye mfereji wa plastiki, karibu na mshikio, mahali ambapo pamba isingefika hata kwa kusukumwa na kijiti, palibaki uzi mwembamba wa rangi, mfupi kama ukucha wa mtoto mchanga.

Alijiambia ni kutu. Plastiki haishiki kutu. Alijiambia ni tope.

"Unatafuta nini?" Bénie alikuwa amechutama kando yake. Macho yake yalikuwa ya mtu anayefanya kazi ya vitu vidogo kila siku. Aliona mara moja, akapitisha kidole. "Iyi si rangi yangu?"

Élie alichomoa waya wa blanketi.

"Papa, usizime!" alilia Myriam. "Papa, tafazali!"

Aliibeba batri kwa mikono miwili, kifuani, uzito wake wa kilo kumi na mbili ukimvuta, akatoka nayo nje hadi mwisho wa ua, mbali na nyumba, mbali na choo, mbali na ukuta wa jirani, akailaza kwenye udongo mtupu. Nyuma yake alimsikia mtoto akilia gizani. Aliporudi, Bénie alikuwa amesimama mlangoni na mshumaa, na hakuwa anacheka tena.

"Sema."

Akasema. Hakuficha kitu, maana hakuna alichobakiza cha kufichia. Alisema juu ya ukuta waliong'oa na batri zinazojikwaa, juu ya kichupa na chupa mbili za dissolvant. Alisema kwamba alielewa tangu kwenye benchi la hospitali na akanyamaza. Alisema juu ya agrafe moja.

"Kwa hiyo," Bénie alisema polepole, "njo miye nilikupa rangi ya kuandika, na njo miye nilibauzishia ya kufuta."

"Hukujua."

"Weye ulijua." Bénie aliuweka mshumaa juu ya kabati. "Na ulibaacha bamuletee mutoto wako iyi kintu chini ya kichwa."

"Siyo kusudi, Mama Myriam. Patron hakuchagua. Labda bale bana ba chaja balikamata tu yenye ilikuwa karibu ya mulango."

"Eeh. Hakuna mwenye alichagua." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ulitiaka rangi ngapi?"

"Kumi na saba."

"Moja iko pale inje. Kumi na sita iko wapi?"

Kwa siku tatu hesabu hiyo ilikuwa mlangoni mwa akili ya Élie ikibisha, naye alikuwa ameegemea mlango kwa ndani. "Siyue. Inazunguka. Leo iko kwa uyu, kesho kwa mwingine. Kama hazina rangi, ata miye siwezi kuzijua, mpaka nipime moja moja, saa nzima nzima."

Bénie aligeuza macho kwenye kabati. Juu yake ilikaa kadi mpya ya hospitali, na pembeni mfuko wa dawa aliokuja nao Élie. Alinyoosha mkono kana kwamba angeichana ile kadi vipande vipande. Hakuichana. Aliishika, akaichukia, akairudisha palepale, kwa uangalifu, isianguke. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni moja, usiku ni wa baridi, huwezi kuivua.

"Stani," alisema ghafla. "Stani analalaka na yake."

Alitafuta simu yake, akabonyeza, akaweka sauti kubwa. Stanislas aliishi upande wa pili wa Kasungami na mkewe na mtoto wa wiki sita. Alimwitikia dada yake kwa furaha ya mtu aliyeshiba.

"Allô, yaya! Blanketi inafanya joto?"

"Stani, batri ya moto yako iko wapi?"

"Iko umu ndani."

"Ndani wapi?"

"Chini ya kitanda. Ku miguu ya mutoto. Inje bataiiba, yaya. Juu ya nini unauliza?"

Élie alinyakua simu. "Stani, ni miye. Itoe inje. Sasa hivi. Weka mbali na nyumba."

Upande wa pili kulisikika kicheko, na nyuma ya kicheko sauti ya kichanga kikinung'unika.

"Beau, shemeji, unachekesha! Unakumbuka zamani nilikuwa naifunga inje na chaîne? Madame alikuwa anakataa iingie, anasema itatuchoma. Kila usiku kelele. Lakini ile siku banabandika papier ku mur, nikaona signature yako, ile ya mukia. Nikapiga foto, nikakuya kumuonyesha. Nikamuambia: ona, si patron anasema, ni Élie. Élie hawezi kusign bongo, hawezi kudanganya. Njo akakubali." Alicheka tena. "Na si siye tu. Pale ku kituo bote balipiga ile foto, beko banaonyesha bibi zao."

Élie aliegemea kizingiti. Kule mwisho wa ua taa ya kijani ilikuwa bado inawaka juu ya udongo.

"Beau? Uko pale?"

"Itoe, Stani. Nakuomba."

"Sawa, nitaitoa. Lakini madame uyu hapa ananiangalia. Nimuambie nini? Si ni weye ulisign?"